Saa ya Jini wa Bafuni

Siku ya nne ya Ramadhani, alasiri, duka la kunafa, zile tambi nyembamba za vitamu vya futari, mtaani Sayida Zaynab, lilifurika watu hadi barabarani, kila mmoja na saumu yake na hasira zake. Mbele kabisa alisimama Shahinazi, gauni refu la kijani, mtandio wa manjano, na mkononi saa kubwa ya kiume isiyolingana na chochote alichovaa.

"Kilo nne," alimwambia muuzaji. "Nyembamba kabisa. Samli sitaki, siipiki."

"Kunafa huipiki?" ilisema sauti nyuma yake. "Unaisuka?"

Shahinazi akageuka. Kijana mrefu, mikono ya shati imekunjwa, miwani imemteremkia puani.

"Ndiyo, naisuka. Ni nywele za jini."

Mwingine angecheka. Huyu alitoa macho. "Wa bafuni? Wewe ndiye unayemtengeneza Jini wa Bafuni?"

"Na ndiye ninayemcheza. Mwigizaji alikimbia joto la lile joho."

"Subhanallah! Sehemu ya pili nimeitazama mara sita! Naitwa Wagdi, naandika habari za filamu gazetini."

"Na ya kwanza?"

"Mara moja tu. Ile ilijikaza mno kutisha."

Alimbebea kunafa yake mpaka mlangoni pa studio, ambako sehemu ya tatu ilikuwa ikipigwa picha mbiombio iwahi Idi. Namba ya simu aliipata njiani. Tangu hapo, kila baada ya futari, simu ya Shahinazi ikawa haipoi.

"Hebu niambie," alimwuliza jioni moja, "watu wanapendea nini takataka zetu?"

"Usiziite takataka mbele yangu. Hadithi yenu nyepesi, kweli. Kichekesho cha sabuni mmekirudia mara tatu, na yule polisi wenu hajui kuigiza hata usingizi. Lakini sehemu ya pili watu hawaji kuogopa, mpenzi. Wanakuja kumwamkia jini. Wameshamzoea kama shangazi yao."

"Umeniita nani?"

"Shangazi?"

"Kabla ya hapo."

"Haloo? Haloo? Simu inakatika!"

Shahinazi alicheka mpaka mama yake akamwita kutoka jikoni.

Wiki ya tatu mambo yakaharibika. Wagdi aliandika makala juu ya sehemu ya pili: jini wa miaka elfu moja anachomoza kutoka kwenye birika la kuogea akiwa na saa ya mkononi, na hapo ndipo filamu nzima inapopata uhai. Aliisifu saa ile kwa moyo wake wote. Lakini mwongozaji, Ustadhi Fikri, aliona kosa tu. Akaisoma makala kwa sauti mbele ya mafundi wote, nao wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Hakuna aliyekuwa ameliona, sasa nchi nzima inajua!" alifoka. "Saa hiyo nisiione tena!"

Ilikuwa saa ya marehemu baba yake Shahinazi. Tangu wamzike mzee, hakuwa akiivua, na siku ile ya kupiga picha alisahau tu.

"Roho yangu, umesoma?" Wagdi alipiga simu kwa furaha.

"Nimesomewa. Mbele ya watu ishirini."

"Lakini nimekusifu!"

"Umenisifu kwa kosa langu, Wagdi. Joho lile nimelishona siku arobaini, wewe umeona saa."

Akakata. Wagdi alipiga tena na tena, hakupokelewa. Aliyepigiwa simu na Shahinazi ni Ami Bayoumi wa mji wa Tanta, ndugu wa baba yake, ambaye siku nyingi alimtaka akashone magauni ya harusi dukani kwake. Shahinazi akakata tiketi ya treni ya saa nane mchana, siku ya Idi. Filamu ameachana nazo, na mwandishi wake pia.

Hata hivyo hakuweza kuondoka bila kuona watu wanavyomwona jini wake. Asubuhi ya Idi aliketi nyuma ya ukumbi wa sinema mjini kati, katikati ya manukato mapya na biskuti zinazomwaga sukari ya unga. Safu mbili mbele yake akaitambua shingo ya Wagdi. Akajifunika mtandio usoni.

Jini akatokea. Joho likaburuzika, nywele za kunafa zikachuruzika maji, watu wakapiga makofi. Kisha bwana mmoja mwenye kitambi akasimama.

"Saa yake iko wapi?"

"Wamemwibia!" mama mmoja akalia. "Wezi wakubwa! Wamemwibia jini wa watu!"

"Rudisheni saa! Rudisheni saa!" Ukumbi mzima ukawa unapiga miguu. Wagdi peke yake alikuwa kimya, kichwa amekishika kwa mikono miwili.

Shahinazi akaanza kutokwa na jasho, maana alijua kinachokuja mwishoni. Siku ya mwisho ya kazi Fikri alitoka kwenda kufuturu, akabaki Shahinazi na mpiga picha. Kwa ukaidi akaivaa saa. Kama ndiyo kazi yake ya mwisho, ataifanya na baba yake. Filamu ilikamilishwa mkesha wa Idi, na katika haraka ile hakuna aliyekagua.

Mkono wa jini ukainuka taratibu kutoka birikani, na saa ikametameta.

Watu waliruka vitini. Wasiojuana wakakumbatiana. Bwana wa kitambi alikuwa akilia kwa kucheka, na Shahinazi akalia kwa kulia.

Wagdi alimkuta mlangoni. "Wallahi sikufungua mdomo."

"Nimekuona."

"Na joho nimeliona leo. Mshono kwa mshono, nikikutafuta wewe mle ndani. Nisamehe, lilistahili makala yake."

"Saa ni ya marehemu baba."

Wagdi akavua miwani. "Siku zote niliona jini yule ana mtu wake anayemkumbuka. Sikujua ni nani." Kisha akaiona tiketi mkononi mwa Shahinazi. "Unakwenda wapi?"

"Tanta, kwa ami. Kushona magauni ya harusi."

"La kwako nani atalishona?"

"Usinichezee, Wagdi."

"Sichezi. Twende wote, nimwombe ami yako tusome Fatiha ya uchumba leo leo."

Shahinazi alimtazama shati lake jipya, na miwani anayoifutafuta bila sababu. "Utanichoka. Mambo yakifika sehemu ya tatu ni kichekesho cha sabuni kile kile kila siku."

"Mimi nimekitazama mara sita, habibti, na bado nacheka."

Simu ya Shahinazi ikalia. Alikuwa Ustadhi Fikri, bila shaka na habari za sehemu ya nne.

"Hupokei?"

"Angoje. Si ndiye aliyenisomea makala mbele za watu?" Akaitazama saa ya baba yake. "Saa saba na nusu. Na wewe tiketi huna."

"Tutawahi?"

"Tukikimbia," alisema, akaushika mkono wake.