Springi za Watu Watatu

Jumamosi, saa 9:40 alasiri

Chumba cha nyuma cha gereji ya Yusto, kata ya Mollo, hakina dirisha. Kina benchi moja, betri mbovu kumi na moja, na baridi. Upepo wa Ufipa mwezi wa saba hauhitaji dirisha. Unapita ukutani kama una ufunguo wake.

Watu wanne. Zenon, mkubwa wao, amesimama. Hakai huyu, hata kanisani hakai. Silvana, aliyewahi kuwa karani wa parokia nyingine, ameshika barua ya kughushi yenye mhuri. Calvin, dereva, anatafuna kijiti. Na Yusto, fundi, mwenye chumba, ambaye hajawahi kuiba tangu azaliwe, ukiacha vipuri vya wateja.

“Kengele,” Zenon alisema. “Shaba tupu. Kilo mia nne na ishirini. Mnunuzi yuko Muze.”

Mpango ulikuwa mfupi. Jumatano Paroko ana mkutano mjini. Wao wanafika parokiani mchana kweupe, mafundi wa kengele, na barua mkononi. Wanaishusha, wanaipakia, wanaondoka wakipungiwa mikono. Shida ni mteremko wa Muze. Kona zile zimemeza malori yenye afya.

Na gari lao halikuwa na afya. Landkruza mkonga, pikapu ya kilometa laki sita na kumi na mbili, nyuma limechuchumaa kama kuku anayeatamia.

“Linyanyue,” Zenon alisema. “Kidogo tu. Likiwa na mzigo nataka lionekane tupu.”

“Inchi mbili,” Yusto alijibu. “Bushi mpya, shokapu mpya, na majani mawili ya springi ya ziada kila upande. Ila nipe uzito kamili. Mnateremka watu wangapi?”

“Tunakwenda wanne. Tunateremka watatu.”

Kijiti cha Calvin kilisimama mdomoni. Hakuna aliyeuliza. Kwa Zenon swali la kwanza hujibiwa. La pili hukumbukwa.

Yusto alipiga hesabu. Zenon ana mnunuzi. Calvin ana usukani. Silvana ana barua, na mdomo wa kuzungumza na askari. Fundi ana nini gari likishapona? Akashika chaki aandike uzito ukutani. Akaandika tatu, akaifuta, akaiandika tena.

“Springi mpya hujikalia,” alisema. “Baada ya kilometa thelathini lazima nati zikazwe upya. Lazima niwepo.”

Zenon aliitazama hesabu ya ukutani.

“Utakazia juu ya mteremko,” alisema.

Jumatatu, saa 4:00 asubuhi

Ekseli ya nyuma ilishuka. Bushi za zamani, ile mipira ya ncha za springi, zilitoka zimeoza, laini kama ugali wa ulezi. Majani ya springi yalikuwa yamenyooka, hayana tena kiburi. Yusto alipanga mapya, jani juu ya jani, akaongeza mawili aliyoyatoa kwenye lori lililokufa. Akafunga yubolti, vile vyuma vilivyopinda vinavyoikumbatia ekseli na springi pamoja. Mbili kushoto, mbili kulia. Nati nane.

Nati nane hizo ndizo gari. Zikilegea, ekseli inakwenda inakotaka, na gari linaifuata.

Mkewe Asnath alikuja na chai. Akalizunguka gari.

“Limesimama kama bwana harusi,” alisema. “Wewe mbona umekaa kama mfiwa?”

“Mgongo.”

“Mgongo ndio unaokufanya usile siku ya pili?”

Akateleza tena chini ya gari. Chini ya gari mtu halazimiki kuonyesha uso.

Jumatano, saa 3:15 asubuhi

Katekista Gaudensi aliisoma barua mara mbili, akauamini mhuri. Kengele yenyewe ina jina. Ilibatizwa Avelina, enzi za wamisionari. Akina mama walikuja kuigusa. Mmoja akaifuta vumbi kwa kitenge chake. Wanakwaya walisaidia kuisukuma.

“Shikamoo, katekista,” Calvin alisema, kofia mkononi, mtakatifu kabisa.

“Marahaba, mwanangu. Mungu awalinde njiani.”

Yusto aliitikia amina. 

Avelina akatua nyuma ya gari. Springi zikashuka inchi mbili kamili, zikasimama. Gari likakaa sawa, limetulia, kama limebeba godoro. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya.

“Mzee, wewe ni mchawi,” Calvin alinong’ona.

“Neno hilo usiliseme hapa Sumbawanga. Watakuamini.”

Zenon hakucheka. Alikuwa anatazama saa.

Saa 4:55 asubuhi

Walisimama mwisho wa uwanda. Mbele yao ardhi inakatika. Chini kabisa, bonde la Rukwa, vumbi na joto. Hapa juu, ukungu unapita barabarani kama mbuzi wasio na mchungaji.

“Kaza,” Zenon alisema.

Yusto aliingia chini na spana. Aliviona viatu vya Zenon vikilizunguka gari, polepole. Vikaenda mbele. Vikarudi. Vikasimama karibu na miguu yake. Kisha chuma kikalia. Klik. Mtu anakagua bastola.

Ndipo alipofanya alilofanya. Spana ilizunguka, lakini si upande wa kukaza. Kama yeye anabaki, na wao hawafiki. Nati nne za kushoto, moja baada ya moja, mpaka zikashikwa na nyuzi tatu tu za bolti. Atatokea upande wa bonde. Hatua ishirini mpaka msituni. Akikimbia kwa kupinda, risasi huenda ikakosa.

Akajiviringisha, akatoka. Silvana alikuwa amesimama palepale na chupa ya maji.

“Pole na kazi, baba. Kunywa.”

Pikipiki ya kukodi ilitoka kwenye ukungu, ikasimama. Zenon akaja, bastola mkononi. Akaigeuza. Akampa Yusto, kitako mbele.

“Mimi natangulia na boda. Chini kuna kizuizi cha mazao. Nikikuta watu, napiga simu. Nyie watatu mteremke taratibu. Shika hii wewe, una akili. Calvin ana papara.”

“Watatu,” Yusto alisema.

“Si nilikwambia tangu Jumamosi?”

Zenon akapanda. Kona ya kwanza ikammeza.

Saa 5:10 asubuhi

Simu ya Silvana ililia. Alisikiliza. Akakata.

“Katekista. Namba aliitoa kwenye barua. Alimpigia Paroko kumpongeza kwa kengele. Paroko hajui kitu. Katekista analia, anasema turudishe Avelina kabla polisi hawajatukuta. Wameshatoka mjini, kitambo.”

Calvin aliwasha gari. “Panda, mzee.”

“Nipe dakika kumi nikaze.”

“Umeshakaza.”

“Nikaze tena.”

“Panda au baki.”

Baki. Siku nne lilikuwa neno la kifo, sasa lilikuwa mlango wazi. Abaki tu, wao waende. Kona ya pili, labda ya tatu, ekseli itajivua. Yeye atatembea kwa mguu mpaka Mollo, atamkuta Asnath anapepeta ulezi.

Maji aliyopewa yalikuwa bado yanamdondoka kidevuni.

“Nimelegeza,” alisema. “Nati za kushoto. Zote nne. Zenon alisema watatu. Nilidhani wa nne ni mimi.”

Calvin alizima injini.  Akashuka, akachungulia chini ya gari, akamtazama Yusto kama mtu anayetazama jeneza lenye jina lake.  Alivuka mtaro, akaingia msituni mbio, bila kugeuka.

Silvana hakukimbia. Aliichomoa bastola kiunoni mwa fundi.

“Rudi chini. Kaza. Nitaendesha mwenyewe.”

“Halafu?”

“Halafu nitajua la kukufanya.”

Saa 5:19 asubuhi

Nati ya kwanza ikashika. Ya pili. Spana ilimponyoka, akaifuata kwa goti. Viatu vya Silvana vilikuwa hatua moja kutoka kichwani pake. 

Ya tatu ikashika.

Ya nne ikashika. Ikakaza mpaka chuma kikalia. Sasa gari lingeteremka mlima wowote.

Upepo ulivuma kutoka bondeni, ukisukuma kila mlio nyuma. Lakini Yusto alikuwa amelala, sikio kwenye changarawe, na ardhi ilimwambia mapema. Gari. Zito. Linatoka upande wa mjini, mbio.

“Bado?” Silvana aliuliza.

Aliiweka spana kwenye nati iliyokwisha kukazwa, akagonga. Ng’a. Ng’a. Kama mtu aliye kazini, maana fundi aliyemaliza hana tena wa kumhitaji.

“Bado kidogo, dada.”

Viatu vikasogea. Bastola ilishuka, akauona mdomo wake mweusi chini ya ubao wa gari, ukimtafuta.

“Fundi. Nauliza mara ya mwisho. Bado?”

“Bado kidogo.”

Akaendelea kugonga. Viatu vya Silvana vikageuka ghafla kuelekea mjini. Magurudumu yakaburuzika kwenye changarawe, milango ikafunguka, sauti ya askari ikaamuru silaha iwekwe chini. Yusto aliisikia vizuri, akagonga tena, na tena, macho ameyafumba, kwa kuwa hakujua bastola bado inaelekea wapi.