Kila Jina la Sita

Kila siku nikitoka shuleni nilipitia kwenye chumba cha mama cha kushonea, nikasukuma mkoba chini ya meza na kuanza kutia vifungo. Mlikuwa na vyerehani vitatu, mafundi wawili, na meza ndefu ya kukatia ambayo ilikuwa himaya ya Fundi Mkasi. Jina lake halisi sikulijua. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na ukigusa chaki yake bila ruhusa alikufukuza kama kuku jikoni.

Mimi nilikuwa na hasira tangu mama aanze masomo. Kila Jumamosi alikwenda chuoni kujifunza takwimu za biashara, akarudi na daftari na maneno mapya. Zamani akitaka kujua ashone mashati makubwa mangapi na madogo mangapi, aliangalia dari kidogo akakisia. Sasa alitaka kupima, na mpimaji nilikuwa mimi.

"Shule yenu imeagiza mashati mia mbili na arobaini," aliniambia. "Hatuna siku za kumpima kila mtoto. Tutachukua sampuli, yaani watoto wachache wanaowakilisha wote."

"Wachache gani?"

"Kila jina la sita kwenye rejista, kuanzia darasa la kwanza hadi la saba. Watoto arobaini. Mwalimu mkuu amenipa majina, haya hapa. Asiyekuwepo msubiri kesho, usimbadilishe na mwingine."

"Mama, wale wa darasa la kwanza hawatulii! Si nipime tu walio karibu?"

"Walio karibu nawe siyo shule nzima. Shika futi, nenda."

Kesho yake niliwatafuta. Mtoto wa kwanza alicheka kila futi ilipomgusa kwapani. Wa pili alikimbia. Wa tatu aliangua kilio akidhani nimekuja kumchoma sindano, na wa nne hakuja shule. Wakati huo Ngongoti, nahodha wa timu yetu ya mpira wa wavu, alikuwa ananipigia kelele kutoka uwanjani.

"Unacheza, au umeajiriwa hospitali?"

Damu ilinichemka. Nikawapanga wachezaji wenzangu mstari mmoja, nikawapima vifua, kisha nikawapima waliokuja kutazama. Wote walikuwa wa darasa la sita na la saba. Vipimo vyao nikaviandika mbele ya majina ya wale watoto wa orodha. Ilichukua dakika ishirini, nikaingia uwanjani.

Jioni ile Fundi Mkasi aliisoma orodha mara mbili. "Mama, namba hizi zinanitia shaka. Nimekata sare miaka ishirini. Watoto wadogo wa shule nzima wamekwenda wapi?"

"Fundi, hizi ni takwimu," mama alijibu kwa sauti ya chuoni. "Siyo kukisia." Akanigeukia. "Ulifuata majina?"

"Ndiyo, mama."

Mashati themanini ya kwanza yalipelekwa shuleni Ijumaa. Jumatatu mwalimu mkuu aliingia chumbani amemshika mkono mtoto wa darasa la kwanza. Mikono ya shati ilimfunika vidole na pindo lilifika magotini.

"Hili ni shati au shuka?" aliuliza. "Madarasa ya chini yote yako hivi. Nakupa hadi Ijumaa, mama. Ukishindwa, kazi yote anapewa mwingine."

Alipotoka, mama alimgeukia Fundi Mkasi mbele ya mafundi wote. "Ni wewe! Umekata makubwa kusudi ili masomo yangu yaonekane upuuzi!"

Fundi Mkasi hakupandisha sauti. Aliuweka mkasi mezani. "Sijawahi kukata kitambaa cha mtu kwa kinyongo," alisema, akachukua koti lake akatoka.

Mimi nilikuwa nimeshika sindano, na sikusema neno. Nilimkasirikia Ngongoti kwa kuniita, chuo kwa kumfundisha mama, na mama kwa kunituma. Jioni, mafundi wawili walipokwisha kuondoka, mama akasema, "Kesho natafuta mkataji mwingine," nami nikaacha kutia vifungo.

"Siyo yeye," nilisema. "Nilipima timu ya wavu."

Mama hakunipiga. Ingekuwa afadhali. Alinitazama kwa ghadhabu hadi nikainamisha kichwa, akasema, "Vaa viatu."

Tulimkuta Fundi Mkasi nyumbani kwake akirekebisha bawaba ya dirisha. Mama alimwomba radhi, nami pia, kwa sauti ya chini.

"Nimesikia," alisema bila kugeuka. "Nitarudi nikiona namba za kweli."

Siku mbili nilifukuzana na majina yangu. Yule wa kucheka nilimsubiri acheke aishiwe. Asiyekuwepo nilimsubiri hadi Jumatano. Vipimo vilipokamilika, mama aliviweka katika jedwali: zaidi ya nusu vilikuwa vidogo, vikubwa vilikuwa vichache sana. Nililipeleka jedwali mwenyewe kwa Fundi Mkasi. Akalisoma, akavaa koti lake.

"Shukuru ulikosea kwa ukubwa," alinung'unika njiani. "Shati kubwa hupunguzwa. Lingekuwa dogo, kitambaa chote kingekuwa matambara."

Ijumaa mwalimu mkuu aliwavisha watoto mashati tuliyoyapunguza, akawageuza mbele na nyuma, akatuambia tuendelee na yaliyobaki. Tuliporudi chumbani nilimchekea Fundi Mkasi nikidhani yamekwisha.

"Usinichekee. Bado nimekukasirikia."

"Lakini nimepima upya!"

"Umepima, na umepima vizuri. Hasira yangu siyo ya vipimo. Nilipokuwa nasingiziwa, ulikaa pale na sindano mkononi, ukweli unaujua, ukaniangalia hadi nikatoka mlangoni."

Nilimtazama mama anitetee. Hakunitetea.

"Na mimi nina kosa," alisema. "Fundi alitilia shaka namba, nami sikuzikagua kwa sababu nilitaka ziwe sahihi. Lakini wewe sikiliza. Ukiandika namba, kuna mtu ataifuata kwa mkasi. Andika ulichokiona, siyo kilichokurahisishia kazi. Na ukikosea, sema kabla mwingine hajaubeba mzigo wako."

Mafundi wawili walikuwa wamesimamisha vyerehani, wananitazama. Hawa ndio waliomsikia Fundi Mkasi akisingiziwa, na ombi langu la radhi kule nyumbani kwake hawakulisikia. Nikasimama katikati ya chumba.

"Fundi alikata sawasawa," nilisema kwa sauti ambayo hata wapita njia waliisikia. "Mwongo nilikuwa mimi."