Malkia Aliyetoka Mapema

Kila jioni, madarasa yakishafagiliwa, wanafunzi wa shule moja ya Tuwan, mjini Kitale, walipanga mbao za chesi juu ya madawati. Fridah hakuwa na mpinzani. Alikuwa na mwanzo mmoja tu: malkia hutoka mapema, askofu humfuata, na kabla hujajikuna pua mfalme wako amekamatwa! Mwalimu Khisa ndiye aliyemfundisha, naye Fridah alijiona bingwa.

Jumamosi walienda Bungoma kwa mashindano. Aliyeshindwa mara mbili angekosa nafasi katika timu ya kwenda Nairobi.

Katika mchezo wa kwanza, Fridah alikutana na Nasro, msichana mpole wa hapo mjini. Fridah akamtoa malkia. Nasro akasogeza askari mmoja, malkia akakimbia. Farasi akaruka, malkia akakimbia tena. Maskini malkia, alichoka kabla ya vita kuanza! Fridah alishindwa, na machozi yakamlengalenga. Hata hivyo, hamu ya kujua ilimzidi.

"Ngoja nikamuulize amefanyaje," alimwambia Wakoli, mwanafunzi mwenzake, ambaye pia alikuwa ameshindwa.

"Ati umuulize? Si huyo ndiye amekuchapa, bana! Huoni haya?"

Haya aliiona, lakini alienda. Nasro alitabasamu, akazipanga kete upya.

"Malkia wako anatoka peke yake," alisema. "Kila nikimfukuza, mimi natoa kete mpya. Wewe unasongesha ile ile tu."

"Na mtu akinifanyia hivyo?"

"Usiogope. Ziba kwanza njia ya kwenda kwa mfalme, halafu umfukuze."

Mchana, Fridah aliketi mbele ya Nakhumicha wa Chwele. Nakhumicha naye akamtoa malkia mapema! Fridah aliziba kwanza njia ya kwenda kwa mfalme. Alisogeza askari, akatoa farasi, akamkimbiza malkia huku na huku, mpaka mwishowe Nakhumicha akamlaza mfalme wake ubaoni, ishara ya kukubali kushindwa. Fridah alifurahi mno.

Mwalimu Khisa aliwaita wanafunzi wake.

"Mimi nilimfundisha Fridah mbinu ya kushinda haraka," alisema. "Nasro amemfundisha kwa nini mbinu hiyo hushindwa, na hilo ndilo somo kubwa. Kuuliza si ujinga. Kushindwa si aibu pia. Aibu ni kurudi nyumbani bila kujua umeshindwaje."

Kisha akamgeukia Wakoli. "Aliyekushinda wewe yuko wapi?"

Wakoli alikuna kichwa, akainuka, akaenda kumtafuta.