Maji ya Mtoto

Nepi ya asubuhi ilitoka kavu. Iliyofuata vilevile. Fundi cherehani, siku ya sita tangu ajifungue mtoto wake wa kwanza wa kiume, aliipapasa akaona tone moja tu, dogo kama kichwa cha pini.

"Maziwa yako mepesi," alisema mama mkwe wake bila kumtazama. "Wangu walikuwa wananilowesha mpaka magotini."

Fundi aliitupa nepi kando. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini, na akiwa hayupo nyumba ilikuwa ya mama mkwe. Aliinama amfunge mtoto nepi nyingine, ndipo harufu ya mkojo ikamfikia, mbichi na kali. Alinusa nepi, akanusa shuka na viganja vyake. Haikutoka huko. Ilitoka ukutani, nyuma ya cherehani, ambako rangi ilikuwa imelowa doa la upana wa sahani.

Aliligusa. Lilikuwa na joto la mwili wa mtu.

Mchana jua likiwa kali, doa likaanza kudondoka. Ti. Ti. Kila tone lilipogusa sakafu, mtoto alikunja miguu na kulia kama anayekamuliwa. Tumbo lake, chini ya kitovu, lilikuwa limevimba na kuwa gumu kama embe bichi.

"Mama," Fundi alinong'ona. "Njoo usikie."

Mama mkwe aliweka sikio ukutani, midomo tayari imejipinda kwa kejeli. Sauti iliyotoka mle ilikuwa ya mtu anayesema na maji mdomoni.

"Mlinijengea juu ya kisima changu. Mmenifukia na kiu. Sasa nakunywa kwa huyu, na akikauka nitahamia kwa mama yake."

Bibi huyo aliyezoea kugombeza hata majirani alitoka mbio bila viatu. Alirudi na mganga wa mtaani, mzee aliyeitwa Kobe kwa mwendo wake. Kobe hakuwasha ubani. Alinawa mikono, akambonyeza mtoto tumbo taratibu.

"Anakojoa kwa kurusha au anadondosha?"

"Anadondosha," alijibu Fundi. "Tangu azaliwe."

"Mpelekeni hospitali sasa hivi. Njia ya mkojo imeziba, na hakuna moshi wangu utakaoizibua."

"Nimekuita utoe jini, wewe unanituma hospitali!" alifoka mama mkwe.

"Vyote viwili vipo, bibi. Aliyeko ukutani niachieni mimi." Akashusha sauti. "Mtoto wa namna hii nilishampulizia dua siku tatu. Siku ya nne nikamzika. Nendeni!"

Hospitali, daktari wa watoto alipitisha kipimo juu ya tumbo na uso wake ukabadilika.

"Kibofu kimejaa hadi mkojo umerudi kwenye figo," alisema. "Kuna kijingozi kama pazia ndani ya njia ya mkojo. Baadhi ya watoto wa kiume huzaliwa nacho. Tutaweka mpira mwembamba ili mkojo utoke, kisha tutakikata."

Mpira uligoma kupita. Daktari alijaribu tena, na hapo nyuma ya vigae vyeupe vya chumba kile ikaanza ti, ti, ti, kwanza moja moja, kisha upesi kuliko mapigo ya moyo wa Fundi, na harufu ile ikajaa chumbani mpaka muuguzi akaziba pua, na taa ikafifia, na mtoto akaacha kulia, midomo ikamkauka na kupauka huku mama yake akimshika miguu na kusema wewe, niachie, niachie mwanangu, asijue anamwambia nani, mpaka mpira ukateleza ndani na mkojo ukafoka, mwingi, wa manjano iliyokolea, ukajaza mfuko.

Ukutani kukawa kimya.

Jioni mama mkwe alirudi nyumbani kuchukua khanga. Ukuta ulikuwa mkavu. Kobe alikuwa ameuegemea, jasho linamtiririka.

"Mjukuu amekojoa," alimwambia.

"Najua. Yule wa ukutani alikasirika sana." Kobe akapandisha shati. Tumbo lake lilikuwa limevimba, ngozi inang'aa. "Akataka pa kwenda. Sikuwa na pengine pa kumpa."

Akalazwa usiku huohuo, wodi ya wanaume. Waliweka mpira, halikutoka hata tone. Kipimo kilionyesha kibofu kitupu.

Siku ya tano hospitalini, baada ya dawa na dripu, daktari wa upasuaji aliingiza kamera nyembamba na kukikata kile kijingozi. Mpira ulipotolewa, mtoto alirusha mkojo ukampata bibi yake kifuani.

"Mwaga tu, mume wangu," alisema yule bibi, akilia na kucheka. Kisha akamshika Fundi mkono, kwa mara ya kwanza tangu aolewe. "Nisamehe, mwanangu."

Daktari huyo alishuka kumwangalia Kobe akiwa bado na tabasamu. Akaweka stetoskopu juu ya lile tumbo, akasikiliza. Akasikiliza tena. Akaitoa masikioni polepole na kurudi nyuma hatua mbili.

"Amesema nini?" aliuliza Kobe.

Daktari aliutazama mlango.

"Ameuliza mtoto yuko wodi gani."