Muguka wa Muchangi na Masomo ya Mawe

Muchangi wa Siakago, huko Mbeere, alikuwa na shamba dogo la muguka, yale majani ya kuchangamsha ambayo watu hutafuna. Kila wiki alichuma, akauza, na nyumba ikala. Hakuwa tajiri, lakini hakuomba chumvi kwa jirani. Jambo moja alilichukia kabisa: deni. Hata kiberiti hakukopa dukani.

Mwaka huo binti yake, Mukami, aliitwa chuo kikuu kusomea jiolojia, yaani elimu ya mawe, udongo na maji yaliyo chini ya ardhi. Nyumba nzima ilifurahi. Kisha wakasoma karo, na furaha ikapungua.

"Kuna mkopo wa serikali wa wanafunzi, Baba," Mukami alisema. "Naweza kuomba."

"Deni haliingii hapa," Muchangi alijibu. "Bundi, yule broka wa muguka, atakodi shamba miaka mitano. Ananipa laki nne zote mkononi. Jumamosi tunaandikishana."

Huko kwao, kukodisha muguka kwa broka ni kawaida. Mwenye shamba hulipwa mara moja, na broka huchuma mpaka miaka iishe. Lakini Njoki, mkewe Muchangi, aliogopa sana.

"Na sisi tutakula nini hiyo miaka yote?" aliuliza.

"Mungu ako. Mukami akimaliza ataandikwa na kampuni ya mafuta. Mjomba wake amesema wanalipa laki tatu kwa mwezi."

Alhamisi, kanisa lao lilimwita Ijabo, mwanajiolojia kutoka Maua, apime mahali pa kuchimba kisima. Njoki hakupoteza nafasi. Alimkaribisha chai nyumbani, akamweleza yote, mumewe akiwa amekaa hapo hapo.

Ijabo alitabasamu. "Mzee, hiyo laki tatu nani anapata?"

"Wale wa mafuta."

"Darasa letu lilikuwa na watu arobaini. Kwa mafuta aliingia mmoja. Usiulize yule alibahatika sana, uliza wa katikati. Mimi nilikaa karibu mwaka bila kazi, halafu nikaanza na elfu arobaini. Wenzangu wengi wako kwa visima, barabara na maabara za udongo. Wengine hawajapata kazi ya mawe mpaka leo."

Mukami aliinamisha kichwa. Moyo ulimshuka.

"Kwa hivyo asiende?" Muchangi aliuliza.

"Sijasema hivyo. Hii kazi naipenda, na inanilisha. Nasema mpige hesabu na mshahara wa kweli. Shamba linawaachia pesa ngapi kwa mwezi, mkishalipa wachumaji?"

"Kama elfu kumi na tano," Njoki alisema haraka, kabla mumewe hajaongeza.

"Kwa miaka mitano hiyo ni laki tisa. Bundi anawapa nne. Hizo laki tano zinaenda wapi?"

Muchangi alihesabu tena kwa vidole.

"Hilo ni deni, mzee. Tena mtalilipa kila wiki, kwa njaa."

Kisha Ijabo akamgeukia Mukami. "Ukitoa ile sehemu ya karo ambayo serikali inakulipia bure, utahitaji kukopa ngapi kwa miaka yote minne?"

"Kama laki tatu."

"Kwa elfu arobaini, mshahara wa mwaka mmoja ni karibu laki tano. Deni lako likiwa chini ya hapo, utaliweza. Lakini kopa ya karo, usikope ya simu na viatu. Riba ni ndogo, lakini iko. Ukikosa kazi, waambie watu wa mkopo mapema. Ukijificha, faini inaongezeka. Na kila likizo, tafuta kazi kwa wachimbaji visima. Huko ndiko mimi nilijulikana."

"Na shamba?" Muchangi aliuliza polepole. "Watalichukua?"

"Hawaandiki shamba kama dhamana. Deni ni la Mukami, na anaanza kulipa akishamaliza chuo."

Jumamosi Bundi alifika na karatasi zake. Muchangi alimpa chai na kumwambia shamba halikodishwi. Bundi hakumaliza chai.

Mukami akaenda chuo kwa mkopo. Shamba lililisha nyumba na kumtumia pesa ya chakula. Likizo alibeba vyombo vya wapimaji visima, akachomwa na jua la Mbeere mpaka mama yake akamwonea huruma. Alipomaliza, alikaa miezi kadhaa bila kazi, akawaandikia watu wa mkopo mapema. Kisha wapimaji wale wale wakamwajiri kwa elfu thelathini na nane. Si laki tatu. Lakini kila mwezi alilipa mkopo wake, na mshahara ukapanda kidogo kidogo.

Katika mwaka wake wa tano kazini, alimpigia baba yake simu, akamkuta shambani.

"Baba, deni limeisha."

"Lote?"

"Lote."

Muchangi aliketi chini katikati ya muguka wake. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

"Basi mpigie mdogo wako Nkirote," alisema. "Mwambie achague masomo bila woga. Shamba liko, na hesabu tunajua."