Kiti cha Kumi na Mbili

"Ile sehemu ya mwisho uliionea wapi?"

Nilikuwa nimeinama ndani ya televisheni ya mteja, bisibisi mkononi. Sauti niliijua, lakini sikuizoea ikiwa kavu hivyo.

"Karibu kwanza, Cherehani. Vuta kiti."

"Sikuja kukaa. Nimekuuliza, uliionea wapi?"

Nisikilizeni kabla hamjanihukumu. Mimi ni fundi televisheni, yeye ni mshonaji, mtaa wa pili kutoka kwangu. Tulikutana kwenye kundi la simu la mashabiki wa "Mji wa Mwezini", tamthilia ya zamani, mbovu ajabu, nasi tunaipenda kufa. Chombo cha angani kilikuwa birika lililopakwa rangi ya fedha, likining'inia kwenye waya ambao hata mtoto aliuona. Mimi ndiye niliyeutaja kwanza, wakaniita Waya. Yeye alishona sare ya mke wa rubani mpaka vifungo, wakamwita Cherehani. Sehemu ya tisa rubani alibadilishwa mwigizaji. Akaingia nyumbani na sura nyingine kabisa, na mkewe akamwambia tu, "Leo umechelewa." Hapo tumecheka miaka na miaka.

Sehemu ya ishirini na tano haikumchekesha mtu. Rubani anaondoka kutafuta maji, mkewe anabaki kwenye mlango wa kadibodi unaotikisika, anasema, "Nitakungoja." Wiki iliyofuata tamthilia ikakatwa, ingawa kwenye kundi ulikuwepo uvumi kwamba sehemu ya mwisho ilirushwa mara moja usiku.

Cherehani naye alikuwa na rubani wake. Mchumba alimvisha pete, akaenda kufanya kazi nchi za mbali. Simu zikapungua mpaka zikakatika. Mwaka wa nane huo, na pete bado iko kidoleni.

"Mwalimu ametuma sauti kwenye kundi asubuhi," alisema. "Umeisikia?"

"Sijashika simu leo. Kazi zimenizidi."

Aliweka simu yake katikati ya skrubu zangu, akabonyeza. Ikatoka sauti ya bibi kizee, yule yule aliyeigiza mke wa rubani. Mwalimu, mzee wetu wa kundi, alikuwa amemsaka mpaka akampata.

"Wanangu, mnaniuliza ya mwisho? Haikupigwa picha kabisa. Tulifika studio tukakuta kufuli. Mpaka leo sijui kama mume wangu alirudi." Akacheka, akakohoa, sauti ikaisha.

Niliweka bisibisi chini.

"Waya, uliniambia alirudi."

"Cherehani..."

"Uliniambia alirudi anachechemea. Chombo kimebonyea ubavuni. Mke anaanika sare, akageuka akamwona. Ukasema uliirekodi, halafu deki ya baba yako ikatafuna kanda. Miaka minne naiona kichwani mwangu kama niliitazama!"

"Ulikuwa unalia. Ulinipigia mchana ule unalia, ukaniuliza kama alirudi. Ningekujibu nini?"

"Ungesema hujui."

"Nilitaka unyamaze tu. Sikujua kama—"

"Unajua nilikuwa nafanya nini mchana ule? Nilikuwa nimepaka sabuni kidoleni. Pete ilishafika hapa." Akanionyesha kifundo. "Nikasema ngoja nimuulize mtu mmoja tu, yule aliyekuwa anarekodi kila kitu tangu utotoni. Uliposema alirudi, nilinawa sabuni, nikairudisha."

Hapo nikafanya kosa jingine. Nikasema:

"Mtu mzima, kwa sababu ya tamthilia?"

"Nicheke. Hata mama alinicheka, akaniambia nimeposwa na simu. Sikuwa na akili ya kitoto, Waya. Nilitaka mtu mmoja aniambie kwamba inawezekana, nipate pa kushikia. Ukanipa."

Akatazama rafu zangu zilizojaa televisheni za watu. Alipoanza tena sauti ilikuwa chini.

"Nimetoka kumpigia wifi sasa hivi. Miaka yote nimeikwepa simu hiyo. Leo baada ya kumsikia yule bibi nikaona liwalo na liwe. Unajua amenijibu nini? 'Wifi, mbona kaka ana watoto wawili? Sisi tulidhani unajua.' Mkubwa ana miaka mitano."

Sikuhitaji kuambiwa. Nilipokuwa namtungia rubani anayechechemea, mchumba wake tayari alikuwa anabembeleza mtoto.

Niliona kama sitasema leo sitasema tena. Nilikuwa nimejipanga nimwambie Jumamosi, baada ya kundi kutazama tamthilia, kwa maneno mazuri. Yakatoka mabovu, mikono ina vumbi.

"Nakupenda."

"Najua."

"Unajua?"

"Televisheni yangu umeitengeneza mara nne, na mara mbili haikuwa na ubovu wowote. Mimi si mjinga kiasi hicho." Nusura atabasamu. "Siku ile ungesema hujui, ningeivua. Ningelia mwezi mmoja, miwili, nikamaliza. Halafu ningekuja kukaa kwenye hicho kiti unachonivutia kila siku."

"Kiti bado kipo."

"Sasa hivi nikikaa, kila utakalosema nitajiuliza, na hili amelitunga? Ukiniambia nimependeza. Ukiniambia utarudi jioni."

Nilitapatapa. Nikashika hata upuuzi wetu wa zamani.

"Sehemu ya tisa rubani alikuja na sura nyingine, na mkewe akampokea."

"Yule alikuwa analipwa, Waya."

Aliivua pete pale pale. Haikuhitaji sabuni, alikuwa amekonda sana na mimi sikuwahi kuona. Akaitia mfukoni, akachukua simu yake, akatoka bila kugeuka. Kiti kilibaki pale nilipokivuta.

Usiku na mchana nilimwandikia. "Nisamehe." Akasoma. "Nilikosea, sina utetezi." Akasoma. Siku ya tatu nilipopiga, niliambiwa namba haipatikani. Nikapita dukani kwake. Mama yake alikuwa mlangoni anakunja vitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Amehamia kwa dada yake. Amechukua na cherehani." Akanitazama kwa huruma. "Kumbe hata wewe hakukuaga?"

Jumamosi ikafika. Kundi letu lina utaratibu wake: saa kumi kamili kila mmoja anaweka tayari sehemu ya wiki nyumbani kwake, lakini habonyezi mpaka abiria wote, ndivyo tunavyojiita, waripoti kwa kufuata namba za viti. Haruhusiwi mtu kumruka mwenziwe. Wiki hii ilikuwa zamu ya sehemu ya ishirini na tano.

"Kiti cha tisa, nimefunga mkanda."

"Kiti cha kumi, nimefunga mkanda."

Nikaandika, "Kiti cha kumi na moja, nimefunga mkanda."

Ikafika zamu ya kiti cha kumi na mbili, cha Cherehani. Watu waliweka vikaragosi vya saa na vya kupiga miayo. Mmoja akauliza kama abiria ameishiwa bando. Saa kumi na dakika kumi na nane, katikati ya kioo, yakatokea maandishi madogo ya kijivu: Cherehani ameondoka kwenye kundi.

Mwalimu akaniandikia pale pale, mbele ya wote:

"Waya, wewe ndiye jirani yake wa kiti. Kuna nini? Atarudi?"

Nikaandika, "Atarudi." Nikalitazama neno lile. Lilikuwa tamu, na watu kumi na tisa walikuwa wanalingoja.

Nikalifuta herufi moja moja.

"Sijui," nikajibu.

Dakika ikapita. Kisha:

"Kiti cha kumi na tatu, nimefunga mkanda."