Kidogo Tena

Inspekta hakuanza na mwili. Alianza na nyayo.

Kwenye ukingo wa genge, katika tope la mvua ya alfajiri, viatu vya raba vilikuwa vimeacha alama hadi mwisho kabisa wa ardhi. Lakini vidole vilielekea barabarani. Visigino ndivyo vilivyoelekea bondeni.

"Mtu anayekwenda kutazama bonde hutanguliza macho," alimwambia koplo kwa sauti yake ndogo. "Huyu alitanguliza kisogo."

"Labda alisukumwa, afande."

"Nionyeshe nyayo za aliyemsukuma."

Koplo aliinama, akazunguka, akakuna kichwa. Hapakuwa na nyayo nyingine. Kuanzia hapo hadi barabarani palikuwa na kokoto tupu.

Waokoaji walikuwa wakiupandisha mwili kwa kamba. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, gauni la njano lililoshonwa kwa ajili ya safari hii. Walitoka mjini asubuhi ndani ya gari la kukodi, watu wanne: yeye, mumewe, dereva na dada wa kazi. Walitaka kupumua hewa ya milimani, wanywe chai mbele ya mandhari, wapige picha, warudi. Sasa mume alikuwa amekaa juu ya jiwe, kiatu kimoja mkononi, hajui amekivulia nini.

"Ulikuwa wapi?" Inspekta alimuuliza.

"Nilikwenda kujisaidia kule mitini. Nikasikia dereva anapiga kelele."

"Mligombana?"

"Sisi? Tumecheka njia nzima!"

Dereva, mtu mnene, alitoka jasho kwenye baridi ile. Nyuma ya gari lake palikuwa pamebonyea. Koplo alishatoa pingu.

"Ulimgonga?"

"Haki ya Mungu, afande, niligonga jiwe! Lile pale! Nilikuwa nageuza gari, na kuna mtu alikuwa ananielekeza."

"Nani?"

"Sikumwona, ukungu ulikuwa umeshuka. Nilisikia tu: rudi, rudi, kidogo tena. Nikarudi. Kidogo tena. Nikarudi. Paa! Mtu akikuelekeza, ukifika husema 'hapo hapo!' Nimezeeka barabarani sijaona mwelekezaji asiyesema hapo hapo. Huyu hakusema. Nikashuka nimpe tusi lake..." Alionyesha ukingo. "Pakawa kimya. Mume alikuwa bado mitini. Nikachungulia chini."

"Sauti ya kiume?"

"Ya kike. Laini."

Inspekta alimwashiria koplo arudishe pingu mfukoni. Aliyekuwa akielekezwa hakuwa dereva. Maneno ya kurudisha gari ndiyo hayo hayo ya kumpanga mtu kwenye picha.

Nyuma ya gari, dada wa kazi alikuwa akiosha vikombe vilivyokwisha takata. Binti mwembamba, kitambaa kichwani, kiganja kimoja kimeziba mdomo.

"Mdogo wangu," Inspekta alimwita, "simu ya marehemu iko wapi?"

Kikombe kilimponyoka. Alimtazama Inspekta kana kwamba neno lile, mdogo wangu, limemchoma mahali. Kisha akatia mkono kikapuni, chini ya mkate, akaitoa simu na kuifungua mwenyewe.

Inspekta alitazama picha moja baada ya nyingine. Mwanamke anacheka, mwanya wake unaonekana. Anacheka, yuko mbali kidogo. Anacheka, ukungu umemfika magotini.

Picha ya mwisho haikuwa na mtu.

Koplo, aliyezoea kuokota maiti za ajali, aligeuka pembeni.

"Ondoa mkono mdomoni," Inspekta alisema taratibu.

Binti aliuondoa. Mwanya ule ule.

"Marehemu ni nani wako?"

"Huyo ni dada wa kazi tu," mume alidakia.

"Ni dada yangu, shemeji," binti alisema.

Neno lile lilimpiga mume kama kofi. Kiatu kikamponyoka. "Shemeji? Shemeji wa nani? Mke wangu hana ndugu!"

"Tumenyonya ziwa moja."

Inspekta aliinua mkono. "Kabla hujaendelea: hulazimiki kusema lolote, na utakalosema linaweza kutumika mahakamani."

"Nimenyamaza sana, afande. Niache niseme." Aliyatazama mawe. "Mama alipofariki, dada alinifuata. Aliahidi nitasoma. Nilikuwa darasa la tano. Nilifika mjini miguu peku, naye ameshakwambia, shemeji, kwao walikuwa watu wenye nafasi zao na wote wamekufa. Akanifunga kitambaa hiki. Akasema, hapa mimi ni madam."

"Nawe ukakubali?"

"Ningekwenda wapi? Wageni wakaniita dada. Dada, leta maji. Dada, pasi iko wapi? Naye akaniita dada. Mimi mdogo wake, ananiita dada! Asiyeruhusiwa kulitamka neno hilo ni mimi peke yangu."

"Na leo?"

"Leo njiani shemeji aliuliza, huyu dada hana kwao? Akacheka. Akasema, huyu hana mtu."

Mume alijifunika uso. Alikumbuka. Naye alikuwa amecheka.

"Sikupanga. Alitaka mlima wote uingie kwenye picha. Nikamwambia rudi. Akarudi. Miaka yote yeye ndiye aliyeniambia njoo, toka, kaa jikoni. Leo nilisema mimi, naye akatii. Niliuona mwisho wa ardhi kabla hajaufikia." Aligusa koo. "Neno lilikuwa hapa. Neno dogo tu, hata halina uzito."

Waokoaji waliweka machela juu ya kokoto, shuka jeupe likiwa limeanza kulowa. Koplo alisogea na pingu. Inspekta akamzuia kwa kidole kimoja.

Binti alipiga magoti. Akautafuta mkono chini ya shuka, akaushika. Safari hii hakuziba mdomo.

"Hapo hapo, dada," alisema, kwa sauti iliyomfikia dereva ndani ya gari. "Hapo hapo."